Mikono Mitupu ya Béarn

Adalbert alifika nyumbani kwa Gisèle, Bagira, mchana, mvua ikinyesha, karatasi amezikunja na kuzifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Hata kabla hajaketi, Gisèle alishajua amekuja kuomba nini.

"Shemeji, misa ya kumuombea Thierry iko siku ya samedi," akasema. "Mama yake amekubali tutundike michoro ya mtoto wake kule kanisani. Yote iko tayari. Imebakia hii tu."

Akaiweka mezani karatasi moja yenye mchoro. Mwanamke mrefu, nywele zimefungwa nyuma, mabega mapana kama sitaha ya meli, mikono yote miwili ameinyoosha mbele na haijashika kitu.

Huyo alikuwa Béarn. Thierry, mume wa Gisèle, alikuwa akichora hadithi ya wanawake wapiganaji, na kila mmoja alimtoa kwenye meli ya vita vikuu vya pili vya dunia, zile kubwa za kubeba ndege. Gisèle ndiye aliyekuwa akisoma. Kifaransa chake alikipata kwenye masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na kitabu cha meli walikiokota soko la Kadutu, jalada halipo. Yeye anasoma, Thierry anachora. Sheria yao ilikuwa moja: silaha haichaguliwi kwa uzuri, lazima itoke kwenye maisha ya meli yenyewe. Akagi, aliyeteketea pamoja na mabomu yake mwenyewe, walimpa panga la moto linalomchoma kiganja. Enterprise, ambaye adui walitangaza mara kwa mara kwamba amezama na yeye akazidi kurudi, walimpa mkuki wa mpini uliovunjika ukaungwa, ukavunjika ukaungwa tena.

Béarn ndiye aliyewashinda kumpatia silaha. Thierry alimpa bunduki, akaifuta. Akampa upinde, Gisèle akacheka mpaka akamwamsha mtoto. "Huyu mama alibeba tu dhahabu ya Wafaransa kuvuka bahari, halafu akatia nanga Martinique na ndege zake mpaka vita ikamupita. Upinde wa nini?"

Baadaye Thierry akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu, apate pesa ya kuchapisha kitabu. Mlangoni alisema, "Béarn usimuguse. Nikirudi nitakuambia silaha yake."

Shimo likawaangukia waliokuwa chini, Thierry akiwa mmoja wao. Mwili wake haukuonekana.

"Thierry atamalizia mwenyewe," Gisèle akasema sasa, akiisukuma karatasi.

"Maman Colombe," Adalbert akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Enterprise pia balisema amezama."

"Ile iko bateau, meli tu, shemeji."

"Balitangaza kwa redio, Adalbert. Na alirudi."

Adalbert akaangalia viganja vyake. Walikwenda Luhwindja pamoja, yeye na Thierry, na tangu arudi peke yake Gisèle hakuwahi kumuuliza kitu. Aliogopa jibu.

"Tulichimba," Adalbert akasema taratibu. "Tunaita, tunanyamaza tusikilize, tunaita tena. Siku ya kwanza kuna mutu alijibu. Sijui kama iko yeye."

Gisèle akashika ukingo wa meza. "Juu ya nini muliacha?"

"Mwenye shimo alisema inatosha, batu baende kwa shimo lingine. Tulikataa. Njo pale akakusanya machepe ya kuchimbia." Akaifungua mikono yake juu ya meza. "Yalikuwa yake. Tulibakia na mikono."

Mvua ilizidi juu ya bati. Gisèle akaitazama ile mikono ya Béarn, iliyonyooshwa hivyo miezi yote hii, naye akijiambia kwamba inamngoja Thierry, kwamba maadamu iko mitupu, kuna kazi ambayo mtu lazima arudi aimalize. Sasa akaiona kwa namna nyingine. Alikuwa mwanamke aliyenyang'anywa chepe. Na ile dhahabu aliyoibeba, kuna mtu aliyeichimba.

Akachukua penseli ya Thierry kwenye kopo.

Hakuwa mchoraji. Mpini wa chepe ulitoka umepinda kidogo, akauacha hivyo. Akachora bapa lake, ncha moja imelika kwa mawe, na udongo umeshika. Kisha vidole vya Béarn, ambavyo Thierry aliviacha wazi, akavifunga kimoja kimoja kuzunguka mpini. Kwenye kidole cha mwisho mkono wake ulikataa. Alijua akikifunga hiki, hakuna tena kilichobaki cha kumrudisha mtu nyumbani.

Colombe akaja kutoka chumbani, macho bado ya usingizi, akaegemea paja lake.

"Maman, anachimba dhahabu?"

"Hapana. Anatafuta mutu."

"Atamupata?"

Gisèle akafikiri. Angeweza kumdanganya, na mtoto angelala vizuri.

"Hakuna atakayemunyang'anya hii chepe," akasema. Akakifunga kidole.

Adalbert akaufungua mfuko wake, akaanza kuikunja karatasi kama alivyokuja nayo.

"Usiikunje," Gisèle akamwambia.

Adalbert akaivuta tena ikanyooka, akaitia chini ya koti, kifuani, akatoka nayo kwenye mvua akitembea wima kama mtu aliyebeba maji.