Sauti ya Verlene Gaskin

Jumanne asubuhi Verlene Gaskin alikuwa dukani, mjini Memphis, akiomba ratili mbili za unga wa mahindi, sauti ikamkatika. Muuza duka akaegemea meza, akasubiri. Alijua mahali fulani kuna mtu ameweka santuri yake. Dakika mbili na nusu zilipokwisha, Verlene akamalizia: "Na mafuta ya nguruwe."

Yalianza aliporekodi wimbo alioutunga jikoni kwa mama yake, Odessa, kwa maneno ambayo mama aliyasema akipiga pasi nguo za watu. Kwenye santuri, Bwana Hatcher mwenye studio alichapisha jina lake mwenyewe kuwa ndiye mtunzi, kama alivyozoea. Tangu hapo wimbo ukipigwa popote, sauti ya Verlene huenda huko. Ulipopendwa mpaka Chicago na Detroit, akabaki na alfajiri tu ya kusemea, kabla redio hazijafungua. Kwenye maonyesho bendi ilipiga, yeye akapunga mkono.

"Shoga, leo wamekukamua kweli," jirani yake Cleotha alimwambia barazani. "Laiti mume wangu angekuwa na santuri, ningeipiga kutwa."

Kisha Odessa akaugua. "Siku ya kunizika uniimbie wimbo wangu," alimwambia bintiye. "Watu wajue ni wangu."

Alizikwa Jumamosi, saa sita mchana, saa ambayo kila redio iko wazi. Kanisani, kabla ya kwenda makaburini, Verlene alisimama kando ya jeneza, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Taratibu, binti," wazee wa kanisa wakamtia moyo.

"Msaidie, Bwana," akina mama wakaitikia, wakijipepea.

Walisubiri nusu saa. Mwishowe Mchungaji Tolliver akaagiza redio ya ofisini, akaiweka juu ya jeneza katikati ya maua, akatafuta stesheni. Sauti ya Verlene ikatoka, safi, ikaimba yale maneno ya pasi mpaka mwisho. Verlene alikuwa ameshika ukingo wa jeneza, midomo ikifuatisha maneno.

"Huo ni wimbo wa Bwana Hatcher," mtangazaji akasema, "mtunzi wetu hodari."

Kanisa zima, lililozoea kuitikia kila neno litokalo mbele, likajibu: "Amina."

Cleotha peke yake aliziba mdomo, lakini amina yake ilikuwa imeshatoka. Wakabeba jeneza.