Taya la Saturnina

Uvimbe ulianza kwenye taya la kushoto, mdogo kama punje ya mahindi. Saturnina Colque, aliyeuza uji wa mahindi ya zambarau sokoni katika mji mdogo wa Tupiza, hakumwonyesha mtu. Saratani ya taya ndiyo iliyomwondoa mama yake, kwa hiyo na yeye akajua zamu yake imefika.

Mwezi huohuo binamu yake Emeteria alikuwa anahamia Chile na mumewe. Hawakujaliwa mtoto. Saturnina akawakabidhi binti yake Nayeli, wa miaka mitatu.

"Mchukue. Asinione nikioza."

"Dada, una uhakika?"

"Nenda, kabla sijageuza nia!"

Miaka mitano ikapita, naye hakufa. Uvimbe ndio ulioendelea kukua mpaka uso ukaenda upande, na watu sokoni wakambandika jina la Mama Kibuyu. Meno yalipoanza kulegea, akapanda basi mpaka hospitali kubwa ya mji wa Sucre.

Daktari Zenteno, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpiga picha ya taya, akakata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara. Majibu yalitoka baada ya wiki mbili.

"Mama, hii si saratani. Ni mfupa tu, umeota pasipotakiwa. Ni nadra, lakini hauui. Tutautoa wote, na pengo tutaliziba kwa mfupa wa nyonga yako."

"Tangu mwanzo haikuwa saratani?"

"Tangu mwanzo."

Saturnina akaangua kilio. Daktari alidhani ni furaha, akampigapiga begani.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kovu lilipokauka na uso kunyooka, akapiga simu ya video Chile. Nayeli akatokea, nywele zimesukwa mikia miwili, ameegemea kifua cha Emeteria.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama anasema ulikuwa unaumwa."

"Marahaba. Nimepona."

Emeteria alikuwa analia. "Dada, ukimtaka, sema. Nitamleta mwenyewe."

Mtoto akageuka kumtazama, akamshika mkono kwa nguvu. "Kunipeleka wapi, mama?"

Saturnina alikuwa amejiandaa na maneno mengi. Akayaacha yote.

"Hakuna kwenda popote," akasema. "Hebu sogea, mwanangu. Geuza shavu nikuone."

Nayeli akacheka, akasogeza uso mpaka ukajaa kiooni. Saturnina akalichunguza taya lile, upande huu na upande ule. Lilikuwa laini, sawasawa.

"Haya. Nenda ukacheze."