Kikohozi cha Bi Kazija

Asubuhi ile Anuar aliniambia nikohoe. "Si sana, Bi Tabia," akasema, "kidogo tu, halafu ujipige kifua uendelee kukuna nazi." Akaondoka kwenda kuipanga taa yake, mimi nikabaki nimekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, moyo umenilipuka. Mtu wa umri wangu haambiwi akohoe bure.

Usije ukanidhania mwanamke wa wasiwasi. Ingawa wasiwasi ninao, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba mimi nikipewa salamu huigeuzageuza kwanza nione upande wa pili kuna nini. Lakini hili halikuhitaji wasiwasi mkubwa. Tulikuwa waigizaji watatu, mimi, Rukaiya na Amne, na katika mchezo wetu wa televisheni tulikuwa mabibi watatu wasio na waume wanaokaa nyumba moja ya mawe mtaa wa Kiponda na kupikia jiko moja. Mchezo wenyewe ukiitwa hivyo hivyo, Jiko Moja. Mimi nilikuwa Bi Kazija, mwenye ulimi. Kazija alimsuta muuza samaki mbele ya wateja wake, akamfukuza mposaji wa Amne kwa ufagio, akamnyima jirani chumvi kisha jioni akampelekea biriani. Msimu wa kwanza watu walicheka. Ulipokwisha wa pili, jina langu likapotea kabisa. Sokoni Darajani, harusini, hata kwa daktari wa macho, mimi ni Bi Kazija. Na sasa tulikuwa katikati ya msimu wa tatu, na Bi Kazija anakohoa.

Kwetu hakuna maneno ya kukariri. Anuar, ndiye mwenye mchezo, hutukusanya asubuhi kwenye chai akatueleza kisa cha siku: huyu ataingia, yule atakasirika, jambo litaishia hapa. Maneno tunayatoa vichwani mwetu, papo kwa papo, na kamera haizimwi mpaka yeye ainue mkono. Mwenzako akikurushia neno, sharti ulidake umrudishie. Raha yake ni hiyo. Ubaya wake ni kwamba ya kesho anayajua Anuar peke yake, na asiyejua ya kesho hubaki kuyasoma ya leo. Nami nikakisoma kile kikohozi. Sijapata kuona mchezo wa kuigiza ambao mzee alikohoa akapona.

Na mimi nisipokuwa Kazija, ni nani? Ni mama yake Nadir, ghorofani Michenzani. Nina chumba kizuri na kitanda kizuri, naletewa chakula kimefunikwa kawa, na hapana anayenigombeza wala wa kugombezwa. Siku nisizokwenda Kiponda huwa ndefu hata najikuta namweleza pazia habari za mtaani. Niseme ukweli, kufa kwa Kazija nilikuogopa kuliko kufa kwangu. Kwangu angalau nisingekuwapo kukuona.

Nadir ni mwanangu wa pekee, ana duka la vitambaa Darajani. Mchezo hakuupenda tangu mwanzo. Wateja wakimtania, wakimwita mtoto wa Bi Kazija, wakimwambia apunguze bei asije akaitiwa mama yake. Ulipokwisha msimu wa pili aliniambia, mama, sasa basi. Nikamjibu kwamba nitakapochoka nitasema mwenyewe. Alinuna siku kadhaa. Lakini msimu wa tatu ulipoanza akawa mpole ghafla, akaniletea halwa, akaniuliza jioni leo Kazija kafanya nini. Nikamshukuru Mungu kwamba mtoto kaelewa, nikaacha kumfikiria.

Niliyemfikiria ni Rukaiya. Baada ya kile kikohozi alianza kunifanyia wema. Alinimiminia chai. Rukaiya hakupata kunimiminia chai tangu tujuane, na tumejuana tangu tuna meno yote. Akanisogezea mto nikae vizuri, akaniuliza kama nimelala. Mtu akikuuliza umelalaje mara moja ni adabu. Akikuuliza kila siku, ana jambo lake. Kisha alasiri moja nikamwona akitoka katika kile chumba kidogo anachoweka Anuar mashine zake. Macho mekundu. Aliponiona akajitengeneza mtandio na kuniuliza kama nshakula. Nikasema moyoni, haya, mwenzangu, endelea.

Mambo yakazidi kujionyesha. Siku moja Anuar akataka Kazija awagawie wenzake kanga zake, eti kwa mzaha. Siku nyingine akanitaka niketi kizingitini, Kazija akumbuke utoto wake Kidichi, mikarafuu na mamake. Kazija, akumbuke! Mwanamke ambaye misimu miwili hajakumbuka ila deni la watu. Nilikaa pale kizingitini nikakumbuka kama nilivyoambiwa, na pembeni nikamwona Rukaiya anafuta machozi. Nikajua ni machozi ya furaha. Kazija akiondoka, mwenye kusema sana katika nyumba ile atakuwa yeye.

Siku ya siku ilikuwa mchana, tunakula. Rukaiya akaninyofolea mnofu wa samaki, akauweka upande wangu wa sinia. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nikamwambia, mbele ya Anuar, mbele ya Amne na mafundi wa taa, kwamba najua anachokipika na wala si samaki. Nikamwambia kama ameshindwa kupendwa kwa kipaji chake asijaribu kupendwa kwa jeneza la mwenziwe. Haya yote yangesameheka. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshapata mteremko. "Nakuelewa, Rukaiya," nikasema. "Mwenye mtoto ana nyumba ya kurudi. Wewe usiyezaa, ndiyo maana unaing'ang'ania nyumba ya kuigiza."

Amne akainamisha kichwa. Rukaiya aliolewa mara mbili, na mara mbili aliachwa kwa sababu hiyo, na aliyekaa naye siku zile akilia nilikuwa mimi. Aliosha mikono, akaifuta kwa utulivu kidole kimoja kimoja, akaenda zake uani. Nilijiambia kwamba angekuwa hana hatia angenijibu.

Alasiri ile Anuar akaniita. Akanipa shikamoo mara ya pili kwa siku moja, nikajua yamefika. Akasema Kazija atakwenda Kidichi kupumzisha kifua, na huko itakuja habari kwamba amefariki. Nikamuuliza nani kaamua. Akasema hadithi ndiyo inavyotaka. Nikamwambia hadithi haina mdomo, nani kasema? Akatazama chini, akarudia kwamba ni hadithi, na kwamba ananiomba radhi. Sikumbembeleza. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba katika matanga yale ya uongo asisomewe mtu hitma, maana hilo si la kuchezea. Akaniahidi. Wanawake watakaa mkekani, nje yatawekwa mabenchi na kahawa, basi.

Siku ya matanga sikutakiwa kuja. Nilikwenda. Nani asiyetaka kujua nani kamlilia? Nilivaa baibui langu, nikamuaga Nadir kwamba nakwenda kazini, maana habari ya kufa Kazija sikuwa nimempa mtu. Kiponda nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama jikoni nyuma ya pazia. Simu yangu, kama kawaida, ilikuwa kapuni pamoja na za wengine, zisije zikalia kamera inakwenda. Anuar aliniona, akaniacha.

Sasa, Anuar ni mtu wa kusoma, lakini siku ile alisahau mji anaokaa. Huwezi kuweka mabenchi uchochoroni Kiponda, ukawakalisha wanaume na vikombe vya kahawa, usiite mtu. Wapita njia wakauliza nani kafa. Wenye vikombe wakajibu walivyofundishwa: Bi Kazija. Na mjini pote Bi Kazija ni mimi.

Wakaanza kuingia wanawake ambao hakuna aliyewaajiri. Mara wawili, mara watano, wamejitanda kanga, wanatoa pole mlangoni, wanakaa. Nilimwona Anuar akishangaa, kisha akamwashiria mpiga picha asizime. Mama mmoja mnene, sijapata kumwona, alikuwa akilia kimyakimya kando ya Rukaiya. Akamwambia kwamba mwaka aliofiwa na bintiye hakucheka mpaka Kazija alipomkimbiza yule mposaji kwa ufagio. Nilishika ukingo wa pazia. Wasiwasi wangu wote haukunifaa kitu pale, niligeuza maneno yake huku na huku nikakosa upande wa pili.

Rukaiya alikuwa amekaa kitako, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, machozi yanamtiririka bila ya sauti. Nikatafuta uigizaji usoni mwake. Namjua anavyolia kwa kamera, hukunja mdomo upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa haujakunjwa.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Mwanamume anaingia kwenye matanga ya wanawake bila hodi. Alikuwa Nadir. Kofia hana, kiatu kimoja mguuni, futi ya kupimia vitambaa bado inaning'inia shingoni. Nikafahamu habari imeshafika Darajani, si ya mchezo bali ya kifo cha kweli, na kwamba amenipigia simu iliyomo kapuni mpaka akachoka. Wanawake wakajivuta nyuma. Yeye akapiga magoti pale pale chini, akamshika Rukaiya mikono.

"Bi Rukaiya, nimemuua mama yangu," akasema. "Nilimwendea Anuar nikamwambia amuue Kazija. Nilimwomba kwa jina la Mungu. Nilimwambia afe, mamangu apumzike nyumbani. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu."

Rukaiya akamwinamia. "Najua, mwanangu, Anuar aliniambia," akamwambia. "Na mimi nilimwendea Anuar kumwomba asikusikilize. Sikumweza. Inuka."

Mimi nyuma ya pazia, halwa ikanipita mbele ya macho, na yale maswali ya jioni, leo Kazija kafanya nini. Mtoto niliyemzaa alikuwa akiuliza kama nimeshakufa. Na mwanamke niliyemsimanga kwa utasa wake alikuwa akijua kila kitu, akanimiminia chai, akameza matusi yangu, asije akanivunjia mwanangu machoni pangu. Niliona haya hata nikatamani kweli niwe Kidichi, chini ya mchanga.

Lakini Nadir alikuwa akilia. Sijamsikia akilia hivyo tangu babake afe. Nikafungua pazia nikatoka.

Yule mama mnene akaanguka ubavuni. Wengine wakataja jina la Mungu. Nadir alinitazama, akanyanyuka, akanishika mkono kwa nguvu hata bangili ikaniuma. Alinipapasa uso kama kipofu. "Mama," akasema, "twende nyumbani." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitia khofu, jinsi sauti ilivyokuwa laini. Ningekwenda naye siku ile, nisingetoka tena, na kila siku chakula kingeletwa kimefunikwa vizuri.

Nikamtupia macho Anuar. Mkono wake alikuwa ameunyanyua nusu, umebaki hewani. Hakujua aushushe au aumalizie. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Rukaiya naye aliiona. Akauondoa mtandio usoni, akajifuta machozi kwa ncha yake, akanitazama. Sauti aliyoitoa haikuwa ya Rukaiya, ilikuwa ya yule bibi wa Jiko Moja, mwenye kulalamika mchana kutwa.

"Kazija," akasema, "ndiyo kwanza unarudi kutoka Kidichi? Watu wamejaa hapa tangu asubuhi, na hata maji ya chai hukuacha."

Chumba kizima kikanigeukia. Neno alikuwa amelirusha, lilikuwa hewani, na nilijua halitakaa hapo muda mrefu. Nilijua pia kwamba hakuwa na lazima. Angeweza kuniacha nivutwe na mwanangu, nyumba ile ikabaki yake, kama nilivyomwambia mbele ya watu.

"Mama," Nadir akasema tena, taratibu.

Nikamtazama mwanangu. Nilimpenda sana wakati ule, na nilikuwa nimekasirika, na sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Nikamtengeneza ile futi shingoni mwake. Kisha nikaanza kuvibandua vidole vyake mkononi mwangu, kimoja baada ya kimoja, bila ya kumuumiza, mpaka mkono ukawa huru.

Nikavua viatu, nikapanda mkekani.

"Kwani kafa nani?" nikauliza.

Rukaiya akasogea, akanipisha pa kukaa.