Gari la Bagenda Limepita Tena

Marehemu mume wangu, Bagenda, aliniachia vitu viwili: nyumba ya Buswelu ninamoishi na Prado kuukuu aliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani mpaka Wajapani wenyewe wakaichoka. Kila mwaka napeleka gari hilo kwa trafiki likakaguliwe, na kila mwaka linapita. Magari ya watu yanayong'aa yanarudishwa kwa fundi, hili langu lililobanduka rangi mlangoni linabandikwa stika. Mtaani wanalisifu sana. Mwaka huu nilitaka likataliwe.

Msinicheke, nina sababu. Sisi watu wa Bukoba tukisema nyumbani tunamaanisha kibanja, pale penye migomba na makaburi ya wazee. Kwingine kote ni mahali pa kazi tu, hata ukijenga ghorofa. Ndiyo maana mwanangu Alexander, anayeishi Bukoba mjini na mkewe Gladness na watoto, hajalala kwangu tangu tulipomzika baba yake. Si mtoto mbaya. Krismasi ikifika mimi ndiye ninayekwenda, maana huko ndiko nyumbani, na hakuna anayesafiri kumfuata mtu mahali pa kazi. Nami nimeshastaafu. Kazi imekwisha, nimebaki na mahali.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu.

"Mama, hilo gari bado zima kweli? Nasikia mwaka huu wanakagua hasa. Likipita, njoo nalo, Busisi siku hizi ni daraja, hakuna kusubiri kivuko. Likikataliwa usihangaike na mabasi. Nitakuja mwenyewe kukuchukua. Nalala hapo kwako siku mbili, halafu tunaondoka wote."

Sijui kama yeye alisikia alichokisema. Mimi nilikisikia vizuri. Siku ile ile nilitoa godoro la chumba cha wageni nikalianika juani, nikaanza kuwaza nitampikia sato au kuku. Nikamwona akilini amekaa kwenye kiti cha baba yake, ananilalamikia chumvi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mimi nilikuwa mgonjwa wa ukimya wa nyumba ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Basi kazi ikawa moja, gari lianguke. Niliona ni jambo jepesi. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na ninajua kwamba mkaguzi akiangalia kwa makini hakosi sababu ya kurudisha mzigo. Gari lenye umri ule lingekosaje kasoro?

Nilianza na fundi wangu, Ngosha. Nilimpelekea gari azibe pancha, nikamwambia asiguse kitu kingine.

"Mama Alex, na ukaguzi je?"

"Mwaka huu liende kama lilivyo."

Akanitazama utadhani nimemtukania mama yake. "Gari la mzee likaaibike mbele za watu? Halafu mimi nitaitwa fundi gani?"

Nilipolifuata jioni alikuwa ameshabadilisha bushi, breki na balbu mbili za nyuma, na hela hakutaka. Alisema Bagenda alimsaidia alipokuwa anaanza gereji. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilimlaani, na Mungu anajua.

Nikabaki na silaha moja, mtungi wa kuzimia moto. Bila mtungi gari halipiti. Asubuhi ya ukaguzi niliutoa chini ya kiti cha dereva, nikauficha jikoni nyuma ya gunia la mkaa, nikaondoka roho kwatu.

Mkaguzi alikuwa Afande Kashindye, mtu mrefu mwenye uso usio na masihara. Aliniambia niwashe taa, nipige honi, nikanyage breki. Alilala chini akamulika kwa tochi, akainuka akijipangusa magoti.

"Mtungi wa moto?"

"Sina," nikasema, nikajitahidi nisitabasamu.

Akaenda kufungua mlango wa nyuma. Mtungi ulikuwepo, mwekundu, mpya, umefungwa kwa mpira pembeni ya tairi la akiba. Ngosha tena. Alikuwa ameona ule wa zamani umepitwa na muda, akaniwekea mwingine asinisumbue kwa maneno.

"Mama, unao," akasema afande.

"Angalia tena hizo breki."

"Nimeziangalia."

"Lakini afande, gari hili ni zee."

"Uzee siyo kosa, mama."

"Usukani je? Unavuta kushoto."

Akaingia, akaliendesha mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, ameachia usukani kidogo. Halikuvuta popote. Alishuka akasimama mbele yangu, na sasa akanisalimia upya kama mtu aliyegundua kuwa ameanza vibaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kuna mtu amekutuma kunipima? Kuanzia asubuhi watu wananibembeleza niwapitishe."

"Hakuna aliyenituma. Naomba ulikatae tu."

"Kwa kosa gani?"

Kosa lake ni kwamba linanifikisha kila mahali salama, peke yangu. Hilo ndilo nililotaka kumwambia. Lakini pale palikuwa na foleni ya magari na watu wenye shughuli zao, nikasema sijui. Akasema kwa upole kwamba hawezi kuandika ubovu ambao haupo. Akabandika stika, akanitakia safari njema.

Njiani Ngosha aliiona stika kwenye kioo kabla sijapunguza mwendo. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba gari la Bagenda limepita tena. Jirani yangu Dorcas, anayeuza vitenge pale kona, akaniambia niwasalimie Bukoba na nimletee senene wa kukaanga. Nikamwambia nitaleta.

Usiku haujaingia, Alexander akapiga.

"Vipi Mama, limepita?"

"Limekataliwa," nikasema. "Wamesema bushi. Na breki."

Nilisikia watoto wake wanagombania kitu, na Gladness anawanyamazisha. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nimeushika mgongo wa kiti cha Bagenda.

"Pole sana, Mama," akasema. "Basi usijisumbue. Mwaka huu na mimi kazini nimebanwa vibaya, hata sijui ningetokaje. Wewe pumzika tu hapo. Krismasi asubuhi tutakupigia kwa video, watoto wakusalimie. Pasaka tukijaliwa tutaonana."

Nimesikia maisha yangu yote kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila sikudhani ni fupi kiasi kile. Neno moja lilitosha. Ningesema, Alex, nilikutania, limepita, nami ningekula Krismasi nao. Lakini angeuliza kwa nini nilimdanganya. Ningemwambia nilitaka uje. Na yeye alikuwa ameshanijibu kwamba haji.

"Sawa, baba," nikasema. "Msalimie Gladness."

Kwa hiyo Bukoba wanajua sikuweza kusafiri kwa sababu gari limekataliwa, na Buswelu wanajua nimesafiri kwa sababu gari limepita. Kumweleza mmoja ukweli ni kutangaza kwamba mwanangu hakuja, na hilo sikuwa tayari litoke mdomoni mwangu. Mkesha wa Krismasi nililisogeza gari nyuma ya nyumba, nikafunga geti kwa kufuli. Kanisani sikwenda, ningeonekana. Nilifuata misa kwenye redio, nikiwa nimevaa gauni langu jipya, mikono magotini. Simu ya video ilikuja, watoto wakanipungia, ikakatika. Upweke nilioupata baada ya hapo sijui niuelezeje. Niliusikia mpaka kwenye meno.

Mchana mtu akatikisa geti. Nikainuka, nikafika mlangoni, nikashika kitasa.

"Hodi," mwanamke akaita. Sikuitambua sauti yake.

"Unajichosha bure," Dorcas akamjibu kutoka barabarani. "Hata mimi ningemletea pilau, lakini Mama Alex hayupo, kaenda kwao kwa mwanawe. Gari lao halijawahi kumwangusha."

Nikarudi kukaa, nikapunguza sauti ya redio.