Kome wa Hélio

Kila mtu katika mji wa kisiwani wa Horta alikuwa na lake la kusema juu ya Natércia, aliyemzika mumewe bila kutoa chozi. Wengine walisema ana moyo mgumu, wengine walisema ni dawa alizopewa hospitalini. Ukweli ni kwamba mwanamke alikufa ganzi, basi, kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno. Majirani walimletea supu, wakamletea soseji na magimbi. Alikula, akaosha vyombo vyao, akavirudisha.

Jumatatu iliyofuata akaenda kazini, kwenye maabara ya mambo ya bahari. Kazi yake ni kupasua kome, tena si wale wa mwambani wanaoliwa na limau. Hawa wanaishi chini kabisa ya bahari, penye matundu yanayotema maji ya moto na metali za kila aina. Maisha yao yote kome wale hujaza shaba, risasi na zebaki kwenye matamvua yao ya kupumulia, na wala hawafi. Aliyekuwa akiwapandisha juu kwa kizimba ni marehemu mumewe, Hélio, serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, wa meli ya utafiti. Kizimba chake cha mwisho alikivuta majira ya joto, miezi michache kabla moyo haujamsimama. Kome wa kizimba hicho walikuwa bado hai, ndani ya tangi la maji baridi ya bahari, safi yasiyo na metali, ili ijulikane kama mwili uliojaa metali huweza kuziachia.

Chumba cha kupasulia kina sheria moja isiyo na mjadala: kitu cha metali hakiingii, kisije kikachafua vipimo. Visu ni vya kauri, vibanio vya plastiki, pete huvuliwa mlangoni. Natércia ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Lakini asubuhi ile alivaa bangili ya shaba ya Hélio. Marehemu aliivaa kwa ajili ya baridi yabisi, kama mabaharia wengi wa kisiwa kile, na hospitalini mkewe alikabidhiwa bangili hiyo ndani ya mfuko pamoja na soksi. Aliisukuma juu, akaifunika kwa koti, akavaa glavu. Katikati ya kazi ikateremka. Maji ya kome yakapita juu yake, yakadondoka kwenye sahani iliyokusanya vipimo vyote. Aliona. Akaisukuma tena juu, akaendelea.

Siku ile alipasua nusu ya kome. Nusu nyingine ikabaki tangini kama akiba.

Majibu yalipotoka, Dokta Tomé, mkuu wa utafiti ule, alikuja mbiombio, maana watu wa bara kama yeye hawajui kutembea. Shaba ilikuwa imejaa tele. Kumbe kome hawaachii kitu, alisema, hata wakae kwenye maji safi namna gani! Angelitangaza jambo hilo kwenye mkutano wa Lisbon. Na kwa kuwa majibu yalikuwa wazi kiasi kile, hakukuwa na haja ya kuwagusa waliobaki. Wangeachwa tu mpaka wajifie kwa uzee.

Natércia alijua shaba ile imetoka wapi. Alijua pia kwamba akinyamaza, kome wa Hélio watabaki pale, naye atapita kuwatazama kila asubuhi, viumbe wa mwisho kupita mikononi mwa mumewe. Akisema, watapasuliwa wote, na kisu atakishika yeye. Akanyamaza. Alikuwa akisimama mbele ya tangi akisubiri kuhisi kitu, chochote kile, hata hasira. Hakikuja.

Pengine angenyamaza mpaka leo, kama Tomé asingekuja siku moja na wema wake. Alisema ameamua kuliweka jina la Hélio kwenye ripoti ya utafiti ule, kwa heshima. Hapo ndipo Natércia aliposhindwa. Hélio hakuvumilia kazi ya ovyo; alikuwa mtu wa kufungua fundo la mwenzake lililolegea na kulifunga upya, na kwa hilo alichukiwa na nusu ya meli.

"Dokta, shaba ile si ya kome."

"Ya nani basi?"

"Ya mume wangu." Akapandisha mkono wa koti.

Tomé aliigusa bangili kwa kidole. "Dona Natércia. Wewe uliyenitoa mimi mle ndani kwa sababu ya zipu?"

"Mimi huyohuyo. Nitoe na wewe, tuwe sare."

Hakumtoa. Alisema atatafuta mtu mwingine wa kuwapasua waliobaki, lakini Natércia akakataa, maana aliyeharibu ni yeye. Akaacha bangili mlangoni, akaingia, akawapasua mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza aliosha sahani, na mtu akaja kuzima pampu ya tangi.

Safari hii Tomé alikuja polepole, akavuta kiti.

"Imetoka," alisema. "Karibu shaba yote. Nadhani waliiachia mapema sana, Hélio akiwa bado hai."

"Na haikuwadhuru? Kuiachia?"

"Hata kidogo, Dona Natércia. Walikuwa wazima kabisa. Wangeishi miaka."

Natércia akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya mtu wa bara, wala hakuona haya.