Posa Iliyokwenda Kinondoni

Maneno ya wanaume hayakumbabaisha Mwajabu. Alikuwa mjane, mpishi wa shughuli, na alimlea mwanawe Shomari peke yake pale Temeke tangu mumewe alipoangukiwa na shehena bandarini. Mtu akimwambia jambo zuri, alingoja kwanza aone mikono yake inafanya nini.

Kwa hiyo makuli wa Kurasini walipogoma, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha, na Jabiri bin Marijani akasimama uwanjani kuwaambia kwamba duniani hakuna bwana wala mtwana, Mwajabu alisikiliza kwa sikio moja. Jabiri alikuwa tajiri. Minazi yake ya Chanika huwezi kuiona mwisho wake, ana nyumba za kupangisha, na kanzu zake hupigwa pasi na mtu mwingine.

"Mwenye shibe hakosi la kusema juu ya njaa," Mwajabu alisema.

"Mama, huyu si kama wengine," Shomari, naye kuli, akamwambia.

"Wote huwa si kama wengine."

Lakini mgomo ulipowabana watu, Jabiri akafungua ua wa nyumba yake Kinondoni. Akachinja ng'ombe, akateremsha nazi kwa mikokoteni, akatafuta wapishi, na Mwajabu akawa mkubwa wa jiko. Siku ya kwanza wali ulipopakuliwa, alimtengea mwenye nyumba sahani yake ndani, kama ilivyo desturi. Jabiri akatoka nayo, akaimimina kwenye sinia la makuli, akakunja goti mkekani, akala nao. Shomari alikuwa bega kwa bega naye. Jabiri akachambua mnofu mzuri, akamsogezea.

Mwajabu alibaki amesimama na mwiko mkononi.

Mama yake aliitwa Faida. Hilo ndilo jina alilopewa na waliomnunua. Alikuwa mtumwa wa Mzee Marijani, baba yake Jabiri, huko Mbweni, na katika nyumba ile alikula jikoni, makombo, wote wakishashiba, hata baada ya Waingereza kutangaza kwamba utumwa umekwisha. Jabiri alilijua hilo. Mwajabu alijua kwamba analijua, na hakuna aliyewahi kulitamka. Sasa mkono wa mwana wa Marijani na mkono wa mjukuu wa Faida ilikuwa katika sinia moja. Maneno ni upepo, lakini mtu wa pwani hali sinia moja na yule anayemwona yuko chini yake. Ndivyo Mwajabu alivyoamini, na kosa lake lilianzia hapo.

Jabiri alikuwa na binti mmoja tu, Zuena. Shangazi zake walimkataza kwenda jikoni, naye akaja hivyo hivyo, akakalia mbuzi, akakuna nazi mpaka vidole vikamchubuka. Kuni alizileta Shomari. Mwajabu aliona kwamba kuni zinaletwa mara nyingi kuliko moto unavyozitaka, akanyamaza.

Mgomo ukaisha, makuli wakapata nyongeza. Shomari akawa mkono wa kulia wa Jabiri katika chama cha makuli, na Jabiri hakumwita tena jina lake, alimwita "mwanangu".

"Mama," Shomari akasema jioni moja, "nataka kuoa."

"Kwa Jabiri."

"Nani amekwambia?"

"Kuni."

Shomari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Labda tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Anakuita mwanangu mbele ya bandari nzima. Na aseme hivyo mbele ya washenga."

"Siasa ni siasa, mama. Nyumba ni nyumba."

"Nimemwona akila," Mwajabu akasema. Kwake hilo lilitosha.

Akamwita mdogo wake, Mwinjuma, aongoze posa. Mwinjuma alizitazama kanga, udi na tambuu vilivyofungwa vizuri kwenye kitambaa, akajikuna shingo.

"Dada, tunakwenda kuposa au kuomba kibarua?"

"Vaa kanzu, ufunge mdomo."

"Nikifunga mdomo nitaposaje?"

Walipokewa vizuri, wakanywa kahawa, wakala halua, wakaambiwa ndugu wataulizana kisha watajibiwa. Ijumaa ikapita bila neno, na nyingine. Halafu akaja mtu kutoka Kinondoni kusema kwamba Bwana Jabiri anamwomba Bi Mwajabu afike mwenyewe.

Mwinjuma hakutania siku hiyo. Posa hujibiwa kwa washenga. Mama wa mwana haitwi. Mwajabu alilijua hilo pia, lakini akavaa baibui yake, akaenda.

Jabiri alikuwa sebuleni peke yake. Kile kitambaa kilikuwa juu ya meza, fundo lake halijaguswa.

"Karibu, dada Mwajabu. Keti."

"Nitaketi nikishajua nimeitiwa nini."

"Sikutaka upate jibu kwa midomo ya watu," Jabiri akasema. "Heshima niliyonayo kwako hainiruhusu. Shomari hana dosari. Ningekuwa na mtoto wa kiume, ningetaka awe yeye."

"Unaye wa kike."

Jabiri akasugua uso kwa viganja. "Mie mwenyewe sina neno. Ni watu. Dada zangu, ami zangu wa Mbweni. Wataulizana habari za kufu. Watauliza bibi yake kijana ni nani."

"Nawe utawajibu nini?"

Jabiri akakitazama kile kitambaa mezani.

"Uwanjani ulisema hakuna bwana wala mtwana," Mwajabu akasema. "Nilikuwapo. Nilikuwa nimebeba sufuria."

"Nilisema, na ndiyo kweli yangu. Nikifungwa kwa maneno yale, nitakwenda jela nayo. Lakini yale ni mambo ya kazi, dada. Ya haki za watu."

"Na mwanangu si mtu?"

"Usinifanyie hivyo." Machozi yalikuwa yamemjaa, na hayakuwa ya kuigiza. Mwajabu angeona nafuu kama yangekuwa ya kuigiza. "Mali yangu nimeitoa, umeona mwenyewe. Mashamba niliyouza hata mke wangu hajui. Lakini wakinitenga kwa hili, Zuena naye atatengwa, na watoto wake baada yake. Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sijui," Jabiri akasema. "Wallahi sijui."

Kisha akajivuta, sauti ikapata nguvu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana cha kutoa. "Sikiliza. Nina kiwanja hapo Temeke. Ni cha Shomari, ajenge. Na amtafute msichana yeyote ampendaye, popote, nami nitamwoza. Gharama zote juu yangu. Nitamwoza kama mwanangu."

Mtu huyu hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lililomkata Mwajabu maini.

"Baba yako naye alimwoza mama yangu," akasema. "Gharama zote juu yake. Alimchagulia na mume."

Jabiri akafumba macho.

Mwajabu akachukua kitambaa chake, akakitia kwapani. Tangu siku za mgomo Jabiri alikuwa amewakataza watu wote kumwita kwa cheo cha kibwana cha wazee wake. "Kwaheri, Mwinyi," akamwambia.

Zuena alikuwa amesimama kwenye ukumbi, nyuma ya mlango. Akamshika Mwajabu mkono, akaubusu.

"Nisamehe, mama."

"Huna kosa."

"Nilimwambia baba nitakwenda kwa Shomari hata bila mahari. Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, nikaogopa, nikanyamaza."

"Wanakuoza lini?"

"Mfungo ukiisha. Mtoto wa ami yangu."

Mwajabu akampangusa uso kwa ncha ya baibui, akatoka.

Njia nzima ya kurudi Temeke alitafuta maneno laini ya kumpa mwanawe, asiyapate. Hakuwahi kuwa nayo. Alimkuta Shomari anamngoja kizingitini, amevaa shati safi.

"Amekataa," akamwambia. "Kwa sababu ya bibi yako."

Shomari aliendelea kumtazama kama vile sentensi haijaisha.

"Amesema mwenyewe? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Na akalia."

"Angetukana, ningejua la kufanya," Shomari akasema. Akaingia ndani, akakaa kitandani. Mwajabu alisikia kitanda kikilia. Akamfuata.

"Kesho jioni kuna mkutano," akasema. "Nitasimama. Nitawaambia makuli wote huyu ndugu yao ni mtu wa namna gani."

"Hapana, mama."

"Kwa nini? Mnafiki aitwe mnafiki."

"Wakijua, hawatasema Jabiri ni mwongo tu. Watasema na haki yenyewe ilikuwa uongo, kila mtu atakwenda zake, na wenye meli watashusha ujira kabla ya mwezi kwisha." Aliongea polepole, kama anayejifundisha mwenyewe. "Yale maneno ni ya kweli, mama. Yamemshinda yeye tu."

"Na wewe je? Utakaa naye chamani, akuite mwanangu?"

"Mie sitaweza kumtazama."

Mwajabu akaketi kando yake. "Ni mie niliyewatuma washenga. Wewe ulisema tungoje."

Shomari aliegemeza kichwa begani kwa mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu baba yake azikwe. "Niahidi hutasema," akamwambia. Mwajabu akaahidi.

Siku chache baadaye Shomari akaondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Wenzake wa bandarini aliwaambia anafuata mshahara. Walimkasirikia, wengine walimwita msaliti, mtu aliyewakimbia wenziwe. Mwajabu aliyasikia hayo bombani, akateka maji yake, akajitwika.

Zuena akaolewa. Mwajabu hakuitwa kupika, na kwa hilo alimshukuru Jabiri kimoyomoyo.

Mvua za masika zilipokaribia, makuli waliitana tena uwanjani, maana waajiri walitaka kurudi nyuma katika yale waliyokubali. Mwajabu hakutaka kwenda. Alivutwa na jirani yake Kokuberwa, mke wa karani wa kutoka Bukoba, aliyependa mikutano kuliko harusi.

Jabiri, amesimama juu ya kreti, alikuwa amekonda. Kanzu ilimning'inia. Lakini sauti ilikuwa ile ile, na alipoanza kuwaambia watu kwamba aliyebeba gunia na mwenye gunia wametoka katika udongo mmoja, uwanja ukatulia.

"Huyu mzee ana moyo," Kokuberwa akanong'ona. "Hasara mwanao hayupo. Hivi kwa nini alimwacha?"

"Kazi."

"Kazi gani ya kumshinda mtu kama huyu? Vijana hawana shukrani."

Mbele ya Mwajabu walikuwa wamekaa makuli, mashati yamewachanika mabegani, shingo wamezinyoosha, wanayanywa maneno yale.

Katikati ya sentensi Jabiri akamwona. Akasita. Watu wakadhani anangoja waitikie, na wanawake wakamgeukia Mwajabu, kwa sababu tangu siku za mgomo yeye ndiye aliyekuwa akianza.

"Haya, mwenzangu," Kokuberwa akasema. "Leo huna vigelegele?"

Lilihitajika neno moja tu: mnafiki. Lilikuwa tayari ulimini, na kila mtu alikuwa kimya kumsikiliza. Mwajabu akamfikiria mwanawe huko Tanga, miiba ya mkonge mikononi, amebeba jina la msaliti ili uwanja huu usivunjike.

Akajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akapiga kigelegele, kirefu, mpaka pumzi zikamwisha. Wanawake wengine wakakipokea, makuli wakasimama na kupaza sauti, na hapo juu ya kreti lake Jabiri bin Marijani akainamisha kichwa, akawa hapati neno la kuendelea nalo. Watu wakamngoja kwa heshima. Mwajabu hakungoja. Alishaanza kupenya kati ya migongo yao, akielekea Temeke.