Ubeti wa Kumuaga Eliécer

Jumamosi alasiri, mvua ikipiga bati la ukumbi wa maktaba ya Quibdó, nchini Kolombia, kama inavyolipiga siku zote, Zenaida Rentería alikuwa akieleza namna anavyotunga. Gitaa lilikuwa mapajani pake, kitabu chake mezani. Mwalimu Hinestroza, aliyeongoza mazungumzo, alimuuliza kipi hutangulia, sauti au maneno. Zenaida alijibu kwamba hutangulia wafu. Jibu hilo alikuwa amelitoa katika miji mingi, na lilipendwa kote.

Nyimbo zake, alisema, amezipata kwa wanawake wa mtoni wanaoimbia maiti. Nyimbo hizo hazina ala. Haziimbwi pasipo maiti ndani ya nyumba, hata kwa mazoezi, hata mtu anapoosha vyombo, kwa kuwa kuimba ni kuita. Na aliyeufungua wimbo ndiye aufungaye, kwa ubeti wa kuaga unaotaja ardhi alimolala marehemu. Katika kitabu chake, Zenaida alikuwa ameiita desturi hiyo imani yenye kupendeza.

Kisha akaimba wimbo uliompa jina, wa Eliécer Perea, nahodha wa boti aliyechukuliwa gatini na watu wenye silaha asionekane tena. Ubeti wa tatu haujaisha, Eliécer akaingia. Alikuwa amelowa chepechepe, na si kwa mvua, maana maji yaliyomtiririka yalikuwa na tope jekundu la machimboni. Alikaa mstari wa nyuma. Mhudumu alimpa kahawa. Aliishika bila kuinywa. Jirani zake walisogeza mikoba yao. Eliécer alikwisha kuhudhuria hivyo Cali na Bogotá, ambako malalamiko pekee yalihusu zulia alilolilowesha.

Wakati wa maswali alisimama mama yake Eliécer, Doña Domitila, aliyekuwa safarini mtoni tangu alfajiri ili awahi.

“Binti yangu, sauti Mungu amekupa,” alisema. “Ila mwanangu umemfungulia mlango ukaondoka na ufunguo. Kila ukiimba anatoka, na pa kurudi hana. Muage.”

Zenaida alieleza kwa heshima kwamba ubeti wa kuaga aliuacha kwa makusudi. Mhariri wake aliona kwamba wimbo usiofungwa una nguvu zaidi, na wahakiki walikubaliana naye.

“Huyo mhariri ana mtoto?” aliuliza Doña Domitila. Watu wawili watatu wakacheka.

Zenaida aliongeza kwamba, kwa vyovyote, hajui marehemu amelala wapi.

“Si huyo hapo? Muulize.”

Mwalimu Hinestroza alipeleka kipaza sauti nyuma. Eliécer, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, alisema kwamba yumo katika machimbo ya dhahabu ya Don Abelardo Lozano, nyuma ya bwawa, chini ya sakafu ya banda la mapipa ya dizeli.

Don Abelardo alikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa ndiye aliyegharamia uchapaji wa kitabu. Aligeuka, akamtazama msemaji.

“Sakafu ile ni ya zege, kijana,” alisema. “Na ina kibali.”

Mwendesha mashtaka, aliyeketi kando yake, aliomba maswali yahusu fasihi.

Zenaida alikaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Kisha akaufunga wimbo: akamwambia Eliécer alale salama mahali fulani kando ya mto, panapojulikana na maji peke yake. Ubeti ulikuwa mzuri, na baadhi ya watu walilia. Eliécer aliinuka, akafika mlangoni, akasimama kama mtu aliyepewa anwani isiyo yake. Halafu akarudi akakaa.

“Hadanganyiki huyo,” alisema Doña Domitila. “Hivyohivyo tangu mdogo.”

Zenaida alisema, kwa sauti ya chini, kwamba toleo la pili la kitabu tayari liko mtamboni.

“Basi, binti yangu, usijisumbue. Jumatatu nitakwenda machimboni na sururu yangu,” alisema Doña Domitila.

Don Abelardo alimuuliza, kwa adabu, atafika saa ngapi. Alimjibu kwamba atafika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Don Abelardo alimshukuru, kisha akapanga foleni pamoja na wengine ili nakala ya mkewe itiwe saini. Zenaida aliitia saini.

Mwezi uliofuata, katika ukumbi wenye kiyoyozi huko Medellín, kijana mmoja wa chuo alimuuliza Zenaida kwa nini wimbo wa Eliécer hauna mwisho. Alijibu kwamba mwisho ni mali ya msikilizaji. Akashika gitaa, akaimba. Kwenye ubeti wa tatu mlango ulifunguliwa, akaingia Doña Domitila akimvuta mwanawe kwa mkono, wote wawili wakichuruzika maji yenye tope jekundu. Zenaida alimwinamishia mama huyo kichwa, kama adabu inavyotaka kwa mtu mzima, na akaumaliza wimbo pale ulipozoea kuishia.